Oksijeni Ikipungua: Kupima na Kuwahi Bwawani, Udongoni, Shimoni na Mwilini

Oksijeni haina rangi wala harufu, na inapoondoka haiagi. Mwili wa binadamu una kengele ya kukosa hewa, lakini kengele hiyo hulia hasa kaboni dioksaidi inapojaa kwenye damu, si oksijeni inapopungua. Vihisio vya shingoni vinavyofuatilia oksijeni huchangamka kweli pale tu shinikizo lake kwenye damu ya ateri linaposhuka chini ya mmHg 60 (milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo), na kufikia hapo akili inaweza kuwa imeshaanza kukosea. Ndiyo maana mtu hushuka kwenye shimo lisilo na oksijeni, akaendelea kutoa kaboni dioksaidi kama kawaida, asihisi kubanwa hata kidogo, kisha akaanguka baada ya pumzi mbili. Samaki naye ukimwona amepanda kuhema juu ya maji alfajiri, tatizo halikuanza alfajiri. Lilianza jana mchana.

Yote yaliyomo humu yanahusu jambo moja: kupima mapema, mahali sahihi na saa sahihi, kabla dalili hazijajitokeza. Tumekaa zaidi kwenye bwawa na shimo, kwa sababu huko ndiko makosa ya saa chache hugharimu kila kitu.

Tarakimu za kuanzia

Hewa ina oksijeni asilimia 20.9, ufukweni na mlimani vilevile. Kinachopungua mlimani ni shinikizo: ukifika mita 5,500 limebaki nusu, na kwenye kilele cha Everest, mita 8,849, limebaki kama theluthi moja.

Kwenye maji hesabu ni nyingine kabisa. Lita moja ya hewa ina takriban mg 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzi joto 25, hushika mg 8.3 tu yakiwa yamelingana na hewa iliyo juu yake. Yakiwa nyuzi 20 hushika mg 9.1, nyuzi 30 hushika 7.6. Maji ya bahari kwenye nyuzi 25 hushika kama 6.8. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, toa karibu asilimia 16. Joto basi humbana samaki pande mbili: linamfanya ahitaji oksijeni nyingi zaidi, na papo hapo linapunguza kiasi ambacho maji yanaweza kubeba.

Bwawa: kazi inaanza jioni

Mchana mwani hutengeneza oksijeni. Usiku mwani huohuo, samaki na bakteria wa kwenye tope wote wanaitumia, na hakuna anayeirudisha. Kwa hiyo kiwango hupanda hadi alasiri, hushuka usiku kucha, na hugusa chini kabisa karibu na mapambazuko. Anayepima saa 9 alasiri na kusoma mg 13 kwa lita asifurahi. Maji yaliyozidi kiwango chake cha kawaida namna hiyo yana mwani mwingi mno, na mwani huo wote utakuwa unapumua saa 8 usiku.

Anza na mita ya oksijeni. Nyingi husahihishwa hewani: lowesha sifongo kilicho ndani ya kifuniko, acha kihisio humo hadi namba itulie, ingiza kwenye mita mwinuko wa mahali ulipo na kiwango cha chumvi ya maji, kisha thibitisha asilimia 100. Mita ya utando ina matatizo mawili yanayojirudia. La kwanza ni kiputo cha hewa chini ya utando, ambacho hufanya namba iyumbe bila sababu. Fungua, jaza maji ya kihisio upya, funga taratibu. La pili ni kwamba kihisio hicho hula oksijeni kinapopima, hivyo kikikaa tuli kwenye maji tuli kitasoma chini ya ukweli. Kisogeze polepole, kama sentimita 30 kwa sekunde. Mita zinazopima kwa mwanga badala ya utando hazina tatizo hilo.

Kama huna mita, tumia vifaa vya Winkler, njia iliyokuwepo tangu 1888 na ambayo bado mita hukaguliwa kwayo. Jaza chupa chini ya maji hadi ifurike, kusiwe na kiputo hata kimoja. Tia mangani salfati, kisha iodidi yenye alkali, funga na upindue chupa mara kadhaa. Hapo kabla hata ya kuhesabu matone utakuwa umeshapata jibu la nusu: mashapo yakiwa ya kahawia, kuna oksijeni, yakibaki meupe kama maziwa yaliyokatika, hakuna. Endelea na asidi, maji yatageuka manjano, tia wanga yawe ya buluu, kisha hesabu matone ya thaiosalfati hadi rangi ya buluu ipotee.

Pima sehemu tatu: karibu na uso wa maji, katikati ya kina, na sentimita 30 juu ya tope. Kipimo cha juu peke yake hudanganya.

Sasa hesabu ya usiku, ambayo tungependa kila mfugaji aijue kuliko nyingine yoyote. Oksijeni ya bwawa usiku hushuka karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo vipimo viwili vinatosha kutabiri asubuhi.

1. Pima saa 12 jioni. Tuseme umepata mg 9.0.
2. Pima tena saa 3 usiku, mahali palepale na kina kilekile. Tuseme 7.5.
3. Imeshuka 1.5 kwa saa tatu, yaani 0.5 kila saa.
4. Zidisha kwa saa 12 za usiku: 6.0. Toa kwenye 9.0. Saa 12 asubuhi utabaki na mg 3.0.

Bwawa la pili limeanza na 8.0 na saa 3 usiku lina 5.9. Kwa saa moja linapoteza 0.7, kwa usiku mzima 8.4. Halifiki asubuhi. Litagusa sifuri kabla jua halijachomoza, na wewe umelijua hilo saa 3 usiku, ukiwa bado macho na ukiwa na saa kadhaa za kuwasha mashine. Jioni ya mabwawa haya mawili ilitofautiana mg 1 tu. Kilichotenganisha uhai na kifo ni kasi ya kushuka.

Viwango vya kuamulia ni hivi. Juu ya mg 5 samaki wengi wanakula na kukua vizuri. Kati ya 3 na 5 wanaishi lakini chakula kinapotea na magonjwa yanapata njia. Chini ya 3 usilishe. Chini ya 2 ni dharura. Perege hustahimili saa kadhaa za kiwango kidogo sana kwa kunyonya tabaka jembamba la juu ya maji, na kambare ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa yenyewe. Uhodari wao usikupe moyo, kwa sababu wanaweza kuonekana wazima kwenye maji ambayo yameshaharibika.

Usiku wa dharura

Washa mashine ya kutia hewa kipimo kikiwa bado juu ya mg 4, usingoje 2. Sababu yake ni ya kimwendo: samaki hawavuki maji mabovu kwenda kwenye maji mazuri. Ukiwasha mapema wanajikusanya karibu na mashine kabla njia haijafungwa. Ukichelewa, mashine itatengeneza kisiwa cha oksijeni upande mmoja na samaki watafia upande wa pili. Iache iendelee hadi kipimo kianze kupanda chenyewe baada ya jua kutoka. Siku ya mawingu mazito hilo linaweza kufika adhuhuri.

Huna mashine, tumia pampu. Vuta maji ya juu ya bwawa lenyewe na uyarushe yarudi yakiwa matone madogo; kinachotia oksijeni ni eneo la maji linalogusana na hewa, kwa hiyo bomba linalomwaga chini ya maji halisaidii kitu. Usivute chini: utainua tope na gesi zake. Maji ya kisima ni mazuri, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo sana, hivyo yapitishe kwanza juu ya mawe, ubao wenye ngazi au wavu ili yatawanyike. Kama bwawa lina tundu la kutolea maji ya chini, toa ya chini huku ukiingiza mapya juu.

Wakati huo usilishe, usivute wavu, usitie samadi wala mbolea. Potasiamu pamanganeti, ambayo baadhi ya watu bado humwaga wakiamini inaongeza oksijeni, haiongezi. Inaweza hata kuua mwani uliokuwa utoe oksijeni kesho.

Wakishakufa, soma ushahidi kabla ya kuwazika. Vifo vya oksijeni hutokea kwa pamoja, kati ya saa 10 usiku na saa 2 asubuhi, wakubwa wakitangulia na wadogo wakibaki, midomo ikiwa wazi na matamvua yametanuka. Ugonjwa hudondosha wachache kila siku kwa siku nyingi. Sumu mara nyingi huanza na wadogo na haichagui saa.

Kuna mambo matatu yanayoangusha bwawa ghafla hata kama jana lilikuwa salama. Moja, mwani kufa wote kwa mpigo: maji ya kijani yanageuka kahawia au kijivu ndani ya siku moja au mbili, povu linajitokeza, na sasa hakuna mtengenezaji wa oksijeni huku mizoga ya mwani ikiitafuna iliyobaki. Pili, maji kupinduka. Baada ya siku za joto na utulivu, tabaka la juu huwa la moto na la chini baridi, lisilo na oksijeni. Mvua kubwa ya baridi au upepo mkali huyachanganya, na oksijeni ya bwawa zima inashuka kwa saa moja. Tatu, siku kadhaa za mawingu mfululizo. Kwa hili la tatu dawa ni kupunguza chakula kuanzia siku ya kwanza, si ya tatu.

Kuhusu chakula, wengi hukadiria uzito wa samaki na kusahau uwezo wa maji. Kilo moja ya chakula, hadi samaki wameimeng'enya na mabaki kuoza, hudai karibu kilo moja ya oksijeni au zaidi kidogo. Bwawa lisilo na mashine halistahili kupita takriban kilo 30 za chakula kwa hekta kwa siku. Kwa bwawa la mita za mraba 400 hiyo ni kilo 1.2. Lisha asubuhi jua likishapanda. Chakula cha jioni humfanya samaki avute oksijeni nyingi zaidi saa zilezile bwawa linapoishiwa.

Mwani upime kwa sahani ya Secchi: sahani ya kipenyo cha sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, kwenye kamba yenye alama. Iteremshe mchana hadi ipotee machoni. Ikipotea kati ya sentimita 30 na 45 hali ni njema. Ikipotea kabla ya 20, acha mbolea, punguza chakula, na anza kupima usiku.

Ziwani na baharini kanuni ni hiyohiyo kwa kipimo kikubwa. Maji yenye chini ya mg 2 kwa lita huhesabiwa kuwa eneo lililokufa. Ghuba ya Mexico hupata eneo la namna hiyo kila kiangazi, kwa sababu nitrojeni na fosforasi za mto Mississippi hulisha mwani, mwani huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni chini ya tabaka la juu lisilochanganyika. Bahari Nyeusi na Ziwa Tanganyika zina vilindi visivyo na oksijeni mwaka mzima. Anayepima ziwa ashushe kihisio mita moja baada ya nyingine na kuandika joto pamoja na oksijeni, kwani pale joto linaposhuka ghafla ndipo oksijeni nayo huanguka. Andika pia upepo wa siku mbili zilizotangulia.

Udongo uliozama

Oksijeni hupenya kwenye maji polepole mara kama 10,000 kuliko kwenye hewa. Matundu ya udongo yakijaa maji, mizizi na vijidudu humaliza akiba ndani ya saa chache hadi siku mbili. Dalili ya juu hupotosha: majani yananyauka na kugeuka manjano, mwenye shamba anaona kiu, anaongeza maji. Mzizi usio na oksijeni hauna nguvu ya kuvuta maji, hata ukiwa umezama ndani yake.

Chimba sentimita 40 kabla ya kumwagilia. Udongo wenye hewa ni kahawia au mwekundu kwa kutu ya chuma; wenye kukosa hewa ni kijivu au kijivu-buluu, wenye madoa ya kutu kandokando ya njia za mizizi, na ukivunja bonge harufu ya yai viza inaweza kukupiga puani. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu, uliokosa hewa ni wa kahawia na ngozi yake huteleza ukiuvuta kwa vidole. Kipimo cha bei ndogo ni fimbo ya chuma cha kawaida kisicho na rangi wala mabati, sentimita 60, iliyosuguliwa kwa msasa na kuchomekwa kwa wiki chache. Ikichomolewa, sehemu iliyoshika kutu ilikuwa na hewa. Pale kutu inapokoma na chuma kubaki cha kijivu au cheusi ndipo hewa ilipoishia. Mfereji wako wa kutoa maji unatakiwa ufike chini ya hapo. Mpunga haujali haya kwa sababu una mirija ya kupeleka hewa kutoka majani hadi mizizini.

Shimo, kisima, tangi

Hapa hatulegezi neno. Kisima kirefu, karo, tangi la chuma lililofungwa, ghala la nafaka, pipa la kuchachusha: kila kimoja kinaweza kukosa oksijeni bila kuingiza gesi yoyote kutoka nje. Kutu ya tangi inakula oksijeni. Nafaka yenye unyevu inapumua. Uchachu unatoa kaboni dioksaidi, ambayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, hivyo hukaa chini kama maji kwenye ndoo.

Chini ya asilimia 19.5 mahali huhesabiwa kuwa na upungufu. Karibu na 16 uamuzi na uratibu wa viungo vinaharibika, na mhusika mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Chini ya 10 ni kuzimia. Chini ya 6 ni kifo cha dakika chache. Kwenye hewa isiyo na oksijeni kabisa, mapafu hayakai tu bila kuingiza: oksijeni iliyomo kwenye damu hutoka na kurudi mapafuni, kwa hiyo kila pumzi inaharibu zaidi.

Mshumaa usiutumie. Huzimika karibu na asilimia 16, yaani ukiwa umeshachelewa, hausemi lolote kuhusu hidrojeni salfaidi au kaboni monoksaidi, na kukiwa na methani unaweza kulipua shimo. Pua nayo haiaminiki: hidrojeni salfaidi ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni hupooza uwezo wa kunusa, na unadhani harufu imeisha.

Hatua zenyewe:

1. Weka kando wazo la kuingia hadi mita ya gesi nne (oksijeni, gesi inayowaka, kaboni monoksaidi, hidrojeni salfaidi) iwe mkononi na imejaribiwa kwenye hewa safi, ikisoma 20.9.
2. Ishushe kwa kamba ukiwa nje. Simama kila mita moja au moja na nusu, subiri hadi namba itulie. Ukitumia mpira wa kuvutia hewa, ongeza sekunde kadhaa kwa kila mita ya mpira.
3. Pulizia hewa safi hadi chini kabisa kwa feni na bomba la kitambaa. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 15 kina mita za ujazo 17. Feni ya mita za ujazo 10 kwa dakika hukibadilisha hewa mara kumi kwa dakika 17. Usipulizie oksijeni tupu: ikipita asilimia 23.5, nguo na nywele huwaka kwa cheche ndogo.
4. Pima tena kina chote. Feni isizimwe, mita ibaki imevaliwa na anayeshuka.
5. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu. Aliye juu hatoki na hashuki.

Injini ya petroli haishushwi kisimani, hata ikiwa pampu ndogo, hata kwa dakika tano. Iwekwe juu, upande ambao moshi hauvutwi na feni.

Aliye chini akianguka, mtu mwingine asimfuate. Watu wengi hufa mashimoni wakiwa wamekwenda kuokoa: kaka, kisha jirani, kisha mtu wa tatu. Kuzungusha winchi ndio uokoaji. Bila winchi, ongeza feni, ita zimamoto, na mzuie kwa mikono yako atakayetaka kuruka.

Mwilini

Tishu hukosa oksijeni kwa njia nne, na kila moja ina kipimo chake. Hewa au mapafu kushindwa kuingiza. Damu kukosa vya kubebea, kama kwenye upungufu wa damu. Moyo au mishipa kushindwa kufikisha. Seli kushindwa kutumia, kama sayanidi inapoziba kazi yake. Kipimo cha kidoleni, oksimita, huona vizuri ile ya kwanza tu. Hilo likieleweka, makosa mengi yanaepukwa.

Namna ya kupima: mgonjwa aketi na kutulia dakika 5. Ondoa rangi ya kucha au hina nzito, pasha mkono ukiwa baridi. Vika kidole cha kati au cha shahada, mkono utulie usawa wa moyo. Usisome namba ya kwanza. Shika mapigo ya mkononi uyahesabu. Kama kifaa kinaonyesha mapigo 72 na wewe umehesabu 104, hata namba yake ya oksijeni usiiamini. Yakilingana, subiri sekunde 30 hadi 60, andika namba iliyotulia pamoja na saa.

Kwa mtu aliye karibu na usawa wa bahari, asilimia 95 hadi 100 ni kawaida. Kati ya 90 na 94, aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Chini ya 90 anahitaji oksijeni, na safari ya hospitali haingoji asubuhi. Mpaka wa 90 haukuchaguliwa ovyo: unalingana na shinikizo la mmHg 60, na chini ya hapo uwezo wa hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huporomoka, kiasi kwamba kushuka kidogo kwa oksijeni ya mapafuni huleta kushuka kukubwa kwa oksijeni ya damu. Wenye ugonjwa sugu wa mapafu wakati mwingine hupangiwa na daktari 88 hadi 92, na kuwazidishia oksijeni kuna madhara yake. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 93 yenye mgonjwa anayehangaika ichukuliwe kama ni ndogo zaidi.

Mtoto mwangalie kifua kabla ya kidole. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, pua kutanuka, kuguna kila anapotoa pumzi, kichwa kutikisika na pumzi, kushindwa kunyonya: mpeleke. Rangi ya buluu itafute kwenye ulimi na ufizi. Isipoonekana usitulie, kwa sababu huhitaji takriban gramu 5 za hemoglobini isiyo na oksijeni kwa desilita ndipo ijitokeze. Mwenye damu kidogo anaweza kuzidiwa bila kuibuka rangi hiyo.

Na mwenye damu kidogo ndiye anayedanganywa zaidi na oksimita. Gramu moja ya hemoglobini hubeba ml 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 15 na asilimia 98 ana karibu ml 20 katika kila desilita ya damu. Mwenye gramu 5 na asilimia hiyohiyo 98 ana chini ya 7. Kifaa kinawaonyesha sawa.

Wakati wa kusubiri usafiri, mketishe wima au aegemee mbele, legeza nguo, usimlaze chali, watu wasimzingire. Akiacha kupumua, ubongo huanza kuumia baada ya dakika 4 hadi 6. Kandamiza kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kurudia. Aliyezama majini anza na pumzi, kwa kuwa moyo wake ulisimama kwa kukosa oksijeni. Miongozo ya Ulaya huanza na pumzi 5.

Mlimani, kuanzia mita 2,500, usiamini namba moja ya oksimita. Wazima hutofautiana sana. Tembeza mgonjwa kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole. Akiyumba, ubongo unavimba. Akihema akiwa amekaa au akikohoa povu la waridi, mapafu yanajaa maji. Kwa yote mawili tiba ni kushuka, mita 300 hadi 1,000, hata usiku. Kuzuia ni rahisi zaidi: ukipita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana.

Imebaki kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye mkaa, jenereta au injini ndani ya nafasi iliyofungwa. Hushika hemoglobini kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na oksimita ya kawaida huisoma kana kwamba ni oksijeni, ikaonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Dalili ya kushtua ni watu kadhaa wa nyumba moja kuumwa kichwa na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na kupata nafuu wakitoka nje. Watoe wote, ukianza kwa kufungua milango huku umebana pumzi, zima moto, na mwambie mhudumu wa kwanza utakayemfikia neno “mkaa” au “jenereta” kabla hajakimbilia kidole. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu mwilini. Kwa oksijeni tupu kupitia barakoa huchukua saa moja hadi moja na nusu, ndiyo maana barakoa huvikwa hata namba ya kidoleni ikiwa nzuri.